Gemu ya Magari na Bunduki ya Ami

Mwezi uliopita, saluni ninaposuka watu, televisheni ilimwonesha mkubwa mmoja wa ng'ambo. Watoto wamepigwa risasi shuleni, naye anasema kosa ni la gemu. Kitana kikanisimama mkononi. Maneno hayo niliyasikia Naif, mtaa wa Waarabu tulikohamia kutoka Unguja, nina miaka kumi na miwili, jicho la kushoto limefungwa bendeji.

Ngoja nikwambie, maana waliohusika hawatasema. Tulikaa chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Alasiri bibi alikaanga vitumbua, ngazi nzima ikanukia iliki. Kazi yangu kuanua nguo juu ya paa. Nikimaliza, mimi na kaka tunakaa sakafuni kucheza gemu. Tulikuwa nayo moja tu, ya mashindano ya magari. Bibi akitupigia kelele, "Polepole, mtagonga watoto wa watu." Hata bastola haikuwamo.

Bunduki ilikuwa ya jirani tuliyemwita Ami, muuza mablanketi ya kupeleka Dar. Ilikuwa ya upepo, ya kupigia njiwa waliomchafulia mizigo. Siku hiyo aliiacha kule juu ya paa, nyuma ya tangi la maji, ina risasi. Kaka akaiokota, anacheka. "Simama hapo, njiwa wewe." Nikafungua mikono kama mbawa, kanga za bibi begani.

Niliporudi kutoka hospitali, mwalimu wetu akaja kutoa pole. Akasema ni gemu hizo. Hakuwahi kuitazama hata dakika moja. Ami akadakia, "Hasa, mwalimu," akampa baba nyundo. Baba akaivunja mashine ya gemu mbele yetu. Kaka akarudishwa Unguja akafundishwe adabu. Mimi shule niliacha, wanafunzi wenzangu waliniita njiwa. Bunduki ikarudi juu ya paa.

Kesho yake baada ya televisheni ile, nikaenda Naif. Ami amezeeka, anauza masanduku mlangoni. Nikavua miwani myeusi, akaliona jicho lililokufa. Akanijua.

"Mwanangu, gemu zile ziliwaharibu sana."

"Gemu ipi, Ami? Itaje."

Wateja wakageuka.

"Bunduki yako," nikasema. "Risasi uliitia wewe."

Bibi hayupo, ngazi inanuka rangi, na kaka akipiga simu ananiombea dua tu anakata. Baba na mwalimu wamekufa hawajaniomba radhi. Ami bado yupo. Basi kila Ijumaa, duka likijaa watu, napita pale, nasimama mbele yake, navua miwani.