Vipande vya Watu Nisiowajua

Mkuu wa shule alinipa hadi Ijumaa. Tovuti ya kuwaonyesha wazazi matokeo ya watoto wao isipofunguka mbele yao, chumba cha kompyuta kinageuzwa stoo ya mahindi. Mavuno yalikuwa mazuri Dongobesh mwaka ule, na stoo hazikutosha.

Nilianza na maktaba moja ya programu, ya zile zinazokuwezesha usijenge kila kitu mwenyewe. Unachukua vipande vilivyoandikwa na wengine, hiki cha nywila, hiki cha jedwali, unaviunganisha. Niliagiza vinne. Vikashuka kutoka mtandaoni mia na ushee, kwa sababu kila kipande kilikuja na vingine kinavyovitegemea, na vyote bure.

Cha bure hakiniingii akilini. Kwetu Tlawi majirani wakija kukulimia, unawapikia, mnakula pamoja, na unajua kila jembe ni la nani. Hawa walioandika vipande walikuwa wamelima wakaondoka bila kula. Mtu wa namna hiyo anataka nini? Nikaanza kukagua kipande kimoja kimoja. Ambacho mwandishi wake hakujitaja, au alijiita kwa tarakimu tupu, nilikifuta. Nilijiona mjanja kweli.

Alhamisi mchana ukurasa wa tovuti ukawa mweupe. Mkuu alikuwa mlangoni na fundi, wanapima upana wa chumba kwa futi kamba. Nilisoma ujumbe wa kosa mara tatu ndipo nikaelewa: jedwali langu lote lilitegemea kipande cha mistari kumi na moja tu, cha mmoja wa wale waliojiita kwa tarakimu, nami nilikuwa nimekifuta. Nikavirudisha vyote nilivyovifuta, huku nikivichukia. Ukurasa ukafunguka.

Ijumaa wazazi walijaa. Bibi mmoja niliyemwamkia mlangoni aliziona alama za mjukuu wake kwenye kioo cha kompyuta, akazigusa kwa kidole. Akauliza nani ametengeneza kitu hiki. Mkuu akanitazama.

"Ni mimi, bibi."

"Peke yako, mwalimu?"

"Peke yangu."

Mkuu akatangaza palepale kwamba mahindi yatatafutiwa mahali pengine. Bibi akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka kwa Mungu, mimi na kazi ya mikono yangu. Niliona aibu, lakini mkono sikuutoa.