Tepa

Mwaka ule pamba yetu kijijini Kasoli ilikaukia shambani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, baba akanitoa shule. Darasa la tatu, basi. Hadi leo nikipitisha uzi kwenye mshumaa ili usikatike, harufu ya nta hunirudisha misheni.

Huko nilipata kazi ya kufagia kanisa. Ule mshumaa mrefu mwembamba wa kuwashia mingine altareni, sista mzungu aliuita "tepa". Neno nikalishika. Halafu akaniruhusu kuingia darasa lake la kushona, siku moja tu, aone kama nafaa. Akanipa suruali ya katekista, akagusa miguu ya ile suruali, akasema, "Tepa."

Nikakimbia kanisani, nikamletea mshumaa.

Wasichana walicheka mpaka cherehani zikasimama. "Mayu wane, mama yangu, anataka kumchomea katekista suruali," mmoja akasema.

Sista hakucheka. "Wewe rudi fagia."

"Sirudi," nikamwambia. "Vitu viwili umevipa jina moja, kosa si langu. Nionyeshe."

Akanitazama sana. Kisha akachukua chaki, akachora mstari kutoka gotini, ukiingia ndani kidogo kidogo hadi kwenye pindo. Kumbe tepa hiyo ni kubana mguu wa suruali tu. Nikashika mkasi, nikakata pale pale, wote wakinikodolea macho. Jumapili katekista aliivaa.

Leo nina cherehani sita, fremu ya duka Bariadi mjini kwa jina langu, nyumba ya bati, ng'ombe kumi na wanne, na mkasi ambao haazimwi mtu.