Jinsi tuyau ya mvua ya shangazi ilivyonasa mwanga wa mlipuko wa gamma hapa Uvira

Wakuu, heshima kwenu, wa bara na wa ziwani. Haya yamenipata mwenyewe, na nayaandika nikiwa na akili timamu na diploma yangu ya elektroniki ikining'inia ukutani. Chumvi pekee iliyomo ni ile ya mezani kwa shangazi yangu.

Niliporudi Uvira kutoka Kampala, nilitangaza kwamba nitapiga picha ya mlipuko wa gamma. Wakasema sitaweza.

Innocent, mpiga picha za harusi, aliniuliza mbele za watu: "Kitu kinalipuka mbali vile, weye utakiona na nini? Na diploma?"

Shangazi yangu, Tantine Faida, alikuwa mpole zaidi. "Mwanangu, oa tu."

Kwa ambao hawakusoma elektroniki: huko mbali kabisa, nyota kubwa ikifa hutema mionzi ya gamma kwa muda mfupi sana. Hewa yetu inaizuia, kwa hiyo satelaiti ndizo huiona. Kisha alert inaingia kwenye simu: tazama pale. Ukiwahi na darubini utakuta mwanga uliobaki, kama kaa baada ya mwali kuzimika. Ukichelewa, umefifia. Basi.

Kioo cha darubini nilirudi nacho, nimekifunga kwenye blanketi. Mengine niliazima.

Kamera: kwa Innocent, siku ambazo hakuna harusi.

Batri ya kuzungusha darubini: kwa Bahati, motard wa kubeba abiria anayekula kwa Tantine kila jioni, maana Tantine anauza chakula chini ya nyumba yake. Anapokula, nafungua batri ya pikipiki yake. Akinawa, narudisha. Kwa hiyo sayansi yangu ilidumu kadiri ya sahani moja ya bugali.

Na mwili wa darubini ulikuwa tuyau, bomba nene la plastiki ambalo Tantine alilinunua ya kukingia maji ya mvua.

Sasa shida. Juu ya nyumba kuna dalle, paa la zege, pazuri mno. Lakini Tantine anaanika ndagala pale, dagaa wa ziwani. Mnajua wavuvi wetu: mwezi ukiwa mkubwa hawaendi ziwani, kwa sababu taa zao haziwavuti samaki. Hapo dalle iko wazi, lakini anga limejaa mbalamwezi, huoni kitu. Giza likirudi, anga linapendeza, na dalle inajaa ndagala!

Nikaomba kona. Tantine akanipa, kwa sharti.

"Giza ya pili ikiisha hujaona kitu, tuyau yangu inashuka. Inaenda kukinga mvua."

"Tantine, hii ni darubini."

"Iko tuyau."

Nikakubali. Nililinda anga huku nikifukuza paka. Nilinuka ndagala mpaka kanisani watu wakaniachia benchi zima.

Giza la kwanza, alert ikaingia jioni moja, upande wa mashariki, juu ya ziwa. Nikapanda mbio, nikapiga picha. Nukta! Nukta ambayo haimo kwenye ramani ya nyota. Na wakuu, ilikuwa inafifia polepole, vizuri, kama kitabuni.

Nilishuka nikipiga kelele. Mtaa mzima ulipanda. Nilipigwa picha na diploma mkononi. Innocent mwenyewe alinipa mkono.

Jioni iliyofuata nikaangalia tena, na nukta ilikuwa palepale, inang'aa upya.

Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilifurahi zaidi! Nyota imekufa, imefufuka. Nimegundua jambo jipya kabisa.

Nikaandika kwenye group la wapenzi wa anga. Mmoja akauliza: nyota zikisogea, nukta yako inasogea nazo?

Nikatazama. Nyota zinasogea. Nukta imekaa kama karani.

Ikaanza kufifia. Na wakati huohuo, mbele yangu ziwani, taa ya mtumbwi wa mvuvi Papa Sadiki ilikuwa inafifia pia. Nukta ikazima. Taa ikazima. Kisha nikasikia sauti kutoka majini: "Muvute! Muvute!"

Mnajua wanavyofanya. Samaki wakishajaa chini ya taa, mvuvi anaipunguza kidogo kidogo ili wakusanyike katikati, halafu wavu unapandishwa. Na mimi nilikuwa nimeacha tundu la skurubu wazi kwenye tuyau, upande wa ziwa, na mwanga wa taa ukaingilia humo. Nilikuwa nimepima kwa makini sana kufa kwa taa ya Papa Sadiki.

Mtaa ulinibatiza Docteur wa Mataa. Motard wakipita walinizimishia taa, wananiwashia, wananizimishia.

Tundu nikaliziba kwa utepe mweusi. Nikangoja.

Giza la pili likaelekea mwisho. Mwezi umeanza kunenepa, uko magharibi juu ya milima. Tantine ameshamwita fundi wa kufunga tuyau kesho yake.

Jioni ile, Bahati akiwa katikati ya sahani, simu ikalia. Alert. Mashariki tena!

Nikaunganisha batri, nikalenga, nikaanza. Picha ya kwanza, ukungu. Ya pili, afadhali. Chini nikasikia kiti kinasogezwa.

"Docteur! Batri yangu! Client iko ananingoja, twende Runingu!"

Nikainama ukingoni. "Tantine, nawaomba, mumuongeze bugali!"

Wakuu, fikirieni: Tantine asipoongeza, kesho tuyau ni yake. Bugali nayo ilikuwa imeisha. Sahani iliyobaki ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Nikasikia sahani inawekwa mezani.

"Bahati, kaa. Hujashiba."

"Tantine, nimeshiba."

"Minye najua tumbo yako. Kula."

Na yule client naye akaitiwa ndani, akapewa mkia wa samaki.

Nilipiga picha mpaka Bahati akanawa. Safari hii nukta ilisogea na nyota, na katika kila picha ilikuwa hafifu kuliko katika iliyotangulia. Nikatuma kwenye group. Jibu likaja: darubini kubwa zimeona kitu kilekile, mahali palepale. Sikuwa wa kwanza. Lakini kati ya waliotumia tuyau ya mvua, niliongoza.

Nikamwonyesha Tantine.

"Hii tu?"

"Ndiyo, Tantine."

"Iko kadogo."

"Iko mbali."

Akaikodolea macho. "Na kesho haitafufuka?"

"Haitafufuka."

"Basi ni ya kweli."

Siku iliyofuata nililipa kila aliyeniazima. Batri ya Bahati niliichaji ikajaa. Kamera nilimrudishia Innocent, na ile picha ndani yake. Sasa ameitundika studio kati ya maharusi wawili. Tantine alisema naweza kubaki na tuyau. Nilikataa. Mtu mwenye diploma hulipa. Nilimpandia fundi ngazi mwenyewe, tukaifunga.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni ileile. Tuyau iliyopitisha mwanga uliosafiri kabla dunia haijawa na Uvira sasa inajaza beseni la kuoshea ndagala. Utepe wangu mweusi bado upo, na maji hayavuji.

Somo: kabla ya kuita mtaa, ziba tundu. Na ukitaka sayansi iendelee, shibisha mwenye batri.

Semeni yenu, wakuu. Wa kejeli nao waje, ila kila mmoja aje na nukta yake.