Mjane wa Kumi

Mawifi walimnyoa Akuabata asubuhi, kama mila yao inavyomtaka mjane, siku ya nne tangu wamzike mumewe Ndubisi, fundi umeme. Wembe ulipita, nywele zikamwangukia mapajani, naye akazitazama kama za mtu mwingine. Hakuhisi kitu. Ganzi ilimpanda tangu hospitalini Enugu, mumewe alipokata roho, na ilikuwa haijashuka.

Kilichowakera mawifi ni macho yake makavu.

"We Akuabata," alisema Nwanyieke, dada mkubwa wa marehemu, "kwenye sinema umefiwa na waume tisa, wote umewalilia mpaka kamasi. Kaka yangu ana kasoro gani?"

"Labda anangoja alipwe," mwingine akadakia.

Walicheka kidogo tu. Kwao, mjane asiyelia anajua kilichomuua mumewe. Wageni wakiondoka kesho bila kuona chozi lake, ataitwa muuaji, na jina hilo halifutiki.

Waume tisa ilikuwa kweli. Aliwahi kuomba aigize hakimu, mwizi wa magari, hata mwalimu mkali, akaambiwa uso wake una msiba wa kuzaliwa. Basi kila filamu akawa mjane, anaburutwa, anagaragara, analia.

Mchana akaja Okwudili, mtayarishaji wa filamu. Alitoa pole zote zinazotakiwa, lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na macho yake hayakubanduka kwenye kile kipara.

"Mama, usinielewe vibaya. Wiki ijayo tunaanza nyingine. Mjane. Na kichwa chenyewe kiko tayari, hatuhitaji hata kile kipara cha plastiki!"

Aibu hakuwa nayo, ila roho mbaya pia hakuwa nayo. Alipoona mawifi wanavyomkodolea Akuabata macho, alichomoa mfukoni kikopo cha dawa ya kuchua, ile kali ya mafua, ambayo waigizaji hujipaka chini ya macho ili machozi yatiririke.

"Paka kidogo," akanong'ona. "Wanyamaze hawa. Nani atajua?"

Ndubisi angejua. Kila filamu ya mkewe aliitazama, na ikifika penye kilio alikuwa anacheka peke yake kwenye kochi: "Dawa hiyo! Mke wangu mimi akiumia huwa ananyamaza tu."

Akuabata alimrudishia kikopo.

"Wale tisa walikuwa waume wa watu, Okwudili, ndiyo maana niliweza kuwalilia. Huyu ni wangu."

"Na wa kumi, wa wiki ijayo?"

"Mtafutie mjane mwingine. Mimi basi."

Nwanyieke alisikia yote. Alikaza kitenge kiunoni, akatoka nje uani akipiga kelele, akiwaita wageni waje wamwone mwanamke aliyemuua kaka yake. Vishindo vya miguu vikaanza kuja mlangoni.

Akuabata akasogea ukingoni mwa mkeka aliokalia, ili wageni wapate pa kukaa.