Safu Tatu za Mwalimu Faustine

Kwa miaka kumi na tisa, katika sekondari moja ya Muleba, Faustine alifundisha Kiingereza kwa nyimbo. Alichora safu tatu ubaoni, akashika fimbo, na darasa zima likaviimba vile vitenzi vikorofi visivyofuata kanuni, kimoja kimoja: go, went, gone, see, saw, seen. Namba kumi na saba ilikuwa ya kuanguka. Fall, fell, fallen, waliimba watoto, na mfano wake ulikuwa uleule tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho: kikombe kilianguka kutoka mezani. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza kama alikiona kikianguka. Wala yeye hakujiuliza. Aliamini kwamba neno likishaimbwa vizuri limeshajulikana.

Kisha mkewe Placida, ambaye ni nesi, akapata kazi London, naye Faustine akamfuata na cheti chake cha ualimu ndani ya bahasha ya plastiki. Cheti bado kimo bahashani. Kazi aliyoipata, akiwa na miaka hamsini na moja, ilikuwa ya kuhudumia wazee katika nyumba moja ya matofali mekundu huko Queensbury, ambamo nusu ya wazee walikuwa Wahindi waliozaliwa Kisumu, Jinja na Dar es Salaam. Kuogesha, kulisha, kusindikiza msalani, yote hayo alijifunza kwa unyenyekevu. Lakini supavaiza wake Poonam, binti wa rika la wanafunzi wake wa kwanza, alipomwambia kwamba kila mwisho wa shifti lazima aandike taarifa za wazee kwa Kiingereza, Faustine alijizuia asitabasamu. Hatimaye, alijisemea, wamefika nyumbani kwangu.

Nafasi ilikuja wiki ya pili. Saa moja asubuhi alifungua mlango wa Bibi Alka, mwenye miaka themanini na minne, akamkuta ameketi zuliani kando ya kitanda, sari yake imetanda pande zote. Akaita mwenzake wakamsaidia kuinuka. Kisha akakaa na kalamu, akaandika kwamba Bibi Alka alikuwa amefanya nini? Fell. Kwa ukarimu akaongeza sentensi ya pili, ili na fallen nayo ipate kazi. Akaisoma taarifa yake mara mbili, kama mtu anavyojitazama kwenye kioo cha duka.

Kufikia saa sita mchana, neno lile moja lilikuwa limechapa kazi kumshinda Faustine mwenyewe. Lilimpigia simu binti wa Bibi Alka huko Hayes, akaacha kazi ghalani akaja analia. Lilimleta daktari. Lilifunga vyuma pembeni mwa kitanda na kutandika sakafuni mkeka wa mpira unaopiga kengele kila ukikanyagwa. Jioni Poonam akamwita ofisini, akafunga mlango.

Alimuuliza jambo moja tu: alimwona akianguka? Faustine akajibu kwamba alimkuta chini. Poonam akarudia swali lake, kwa upole wa mtu anayefundisha darasa la kwanza. Hapana, Faustine akakiri, hakuona.

"Basi hujui kama alianguka," Poonam alisema. "Unachojua ni kwamba alikuwa chini. Andika hicho. Neno lile tunamwachia aliyeona kwa macho."

Kumbe Bibi Alka alikuwa ameshuka mwenyewe, taratibu, akijishikilia. Picha ya mungu wake aliiweka kwenye droo ya chini kabisa, na kwa miaka sita alikuwa akiisalimia kila alfajiri bila kumpa mtu taarifa. Vyuma viliondolewa baada ya siku tatu. Kununa kwake kulichukua mwezi mzima; Faustine akimletea chai, alimwonyesha kwa kidole aiweke mbali.

Nyumbani, Placida alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Noel," alisema, "miaka yote hiyo umewaangusha watoto wa watu bila shahidi."

Faustine naye akacheka, lakini kesho yake, ndani ya basi, mvua ikiteremka kiooni na London nzima ikionekana kama kitu kilichooshwa ambacho bado hakijakauka, hakucheka. Aliona kwamba kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametembea na bunda la funguo zinazong'aa, akiwagongeshea watu wasikie mlio, bila kujua zinafungua milango ya nani.

Aliyemtoa katika unyonge ule alikuwa Alnashir, mzee wa chumba namba tisa, aliyekuwa na duka la spea za magari Kariakoo kwa miaka thelathini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi na chenye utani, na katika mji wote huu yeye peke yake ndiye aliyemwita Faustine Mwalimu. Kila siku saa nne asubuhi Alnashir alivaa kofia, akashika fimbo, akatoka peke yake hadi duka la pembeni, hatua kama mia mbili, kununua gazeti na karanga. Ila mwaka ule alikuwa ameshaanguka mara mbili, na Poonam alikuwa amekubaliana na familia kwa maandishi: akianguka tena, safari za peke yake zimekwisha.

Ikawa Jumanne moja ya Novemba. Faustine alikuwa mwisho wa korido na kapu la nguo chafu, Alnashir anaelekea mlangoni na koti lake. Faustine aliona kila kitu. Aliona sapatu ya kushoto ikibaki nyuma wakati mguu unaendelea, mkono ukitafuta ukuta, na mzee akishuka polepole kama pazia linalofunguliwa ndoano moja moja. Alikimbia, akapiga magoti, akamuuliza kichwa, mgongo, kiuno, mikono. Hakuna kilichouma. Na koridoni hapakuwa na mtu mwingine.

"Mwalimu," alisema Alnashir akiwa bado chini, kofia imekaa upande, "andika nilikaa."

Faustine akamwambia kwamba ameona.

"Umeona peke yako. Sikiliza. Pale dukani ndipo mahali pekee ninapoulizwa nataka nini. Humu ndani nyote mnajua ninachotaka kabla sijataka."

Sit, sat, sat. Namba arobaini na mbili, neno dogo, la upole, lisilompigia mtu simu. Faustine alikaa na kalamu muda mrefu. Aliliandika lile jingine siku ambayo hakuliona. Leo ameliona, anaombwa alifiche. Na aibu yenyewe ilikuwa kwamba hakumwonea huruma mzee tu. Alijionea huruma mwenyewe: nani mwingine angemwita Mwalimu?

Aliandika fell. Ila safari hii hakuishia hapo. Aliandika kwamba sapatu ilikuwa kubwa kwa saizi mbili na haina kisigino, kwamba magoti hayakulegea, kwamba mzee hakuona kizunguzungu na alizungumza wakati wote, tena kwa ubishi. Alichafua karatasi tatu. Kilichotoka hakikuwa na uzuri wowote. Kama mwanafunzi wake angemletea, angempa alama tano kati ya kumi.

Poonam alikisoma, akaondoka, akaenda kupima sapatu. Siku ile ile akampigia binti wa Alnashir, wakaafikiana upya: mzee atanunuliwa viatu vya mkanda, atasindikizwa siku kumi na nne, na akiwa imara atarudi kutembea peke yake.

Alnashir alisikia zile siku kumi na nne tu. Msindikizaji aliyepangwa alikuwa Faustine, na tangu siku hiyo jina la Mwalimu likafutwa. Bwana, fungua mlango. Bwana, shika mwavuli. Walitembea hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi kama watu wawili walioketi benchi moja mahakamani.

Siku ya kumi na moja majani yaliyolowa yalikuwa yamelala njia nzima. Alnashir aliyapita na viatu vyake vya mkanda. Faustine alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi vya kufundishia, ambavyo hakuwahi kukubali kuviacha, soli laini kama sahani. Mwavuli ulikwenda upande mmoja, yeye upande mwingine. Alipofumbua macho alikuwa chini, maji yanapenya suruali, na juu yake Alnashir amesimama wima, mikono miwili juu ya fimbo.

"Nimekaa," Faustine alisema.

Mzee alimtazama kwa utulivu mkubwa. "Nimeona, Mwalimu," alisema. "Kwa macho yangu."

Waliporudi, Alnashir aliomba fomu ya ajali za wafanyakazi na kujaza sehemu ya shahidi kwa herufi kubwa za mwenye duka. Aliandika neno lile, kisha mistari sita juu ya hali ya soli. Poonam aliisoma akiwa amewapa mgongo, mabega yanatikisika.

Siku ya kumi na tano, saa nne, Alnashir alitoka peke yake. Faustine alisimama dirishani, na viatu vipya vya mpira miguuni, akamsindikiza kwa macho mpaka duka la pembeni. Kisha akaenda kumpelekea Bibi Alka chai. Kidole kilimwonyesha meza ya karibu.