Utando Uliovuka Tuta

Godeliva, ambaye majirani walimwita Mama Ange, alikuwa mtu wa usafi, na usafi wake ulikuwa na kelele. Miaka yote aliyolima tumbaku Urambo, kitalu chake hakikuota hata jani moja la bure. Alipochoshwa na moshi wa kukaushia majani akahamia kwenye mpunga, bondeni kule inakopita njia ya zamani ya misafara, alihama na usafi wake wote. Utando wa kijani ukitanda juu ya maji ya jaruba lake la mpunga, anashika kapu, anauchota, anautupa ng'ambo ya tuta.

Ng'ambo ya tuta ndiko kwa Anton. Huyu alikuwa amefiwa na mke, mpole, na kwa maoni ya Godeliva, mvivu wa kutupwa. Jaruba lake lilishajaa kila takataka, basi kumwongezea kidogo kuna ubaya gani? Alitupa huku akisonya.

Sasa ajabu ikaja. Mpunga wa Anton umeshiba kijani, wa Godeliva umepauka kama uliolala njaa. Na Anton hanunui mbolea, hilo kila mtu analijua. Godeliva akajipa jibu: mbolea yangu inaibwa! Akaenda kwa viongozi wa wakulima kudai Anton anyang'anywe jaruba. Jamani, hilo si jambo la mchezo. Jaruba lile ndilo lililokuwa likiwalisha watoto wa Anton.

Kabla kikao hakijaamua, wakamwita Najiat, afisa kilimo, aje kuchunguza. Binti akafika, akatoa shikamoo, akachota ule utando kapuni mwa Godeliva na kuuweka chini ya hadubini yake ndogo.

"Hebu tazama, mama."

Godeliva akaona nyuzi, kila uzi umetungwa vichembe kama shanga za kijani. Hapa na pale shanga moja imenenepa, rangi imepauka.

"Hizi za kijani zinajipikia chakula kwa jua," Najiat akasema. "Hizo nene haziwezi. Zimejifungia kwa ukuta mzito ili oksijeni isiingie kuharibu kazi yao, zinavuta naitrojeni ya hewani na kuigeuza iweze kuliwa. Jirani zao za kijani huzilisha sukari, nazo huwagawia naitrojeni. Nyuzi zikioza, mpunga unakula. Mbolea ndiyo hii, mama. Wewe huwa unaipeleka wapi?"

Godeliva akatazama ng'ambo ya tuta. Kapu lilikuwa bado mkononi, linachuruzika.

Angeweza kunyamaza, kwani nani angejua? Aseme tu mbolea ilisombwa na maji, kesi ife. Lakini roho ilimsuta. Siku ya kikao akasimama.

"Anton hajaiba. Mimi ndiye niliyekuwa namtupia uchafu wangu. Nilikuwa nakudharau, Anton, ndiyo maana nilitupa kwako. Nisamehe."

Anton akavua kofia, akaikunjakunja.

"Mama Ange," akasema, "tangu mke wangu afariki, hakuna jirani aliyeniletea kitu. Kila asubuhi nikikuta ule utando mpya unaostawisha mpunga wangu, nawaambia wanangu, Mama Ange anatukumbuka." Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakuombea."

Godeliva akakaa chini vumbini, mbele ya wote, akalia.