Nyumba Anayolala Mama

Ni mwaka ule unga uliadimika, Kawangware tukala mihogo asubuhi na jioni. Landilodi wa Kibera aling'oa mlango wa mwanangu kwa sababu ya kodi. Kijana wangu akaja kwangu mvua ikinyesha, binti yake amelala begani. Mkewe alikuwa ameshamwacha.

Nina chumba kimoja. Kwetu Wajaluo, mwanamume aliyeoa halali nyumba anayolala mama yake. Akanikabidhi mtoto, akageuka aende.

"Mwanangu halali nje," nikamwambia.

"Mathe, kuna filamu niliona huko Laini Saba. Baba analala na mtoto kwa choo cha stesheni, mwisho anapata kazi ya ofisi."

"Huyo aliigiza, akamaliza, akaenda kulala kwake."

Jirani akachungulia. "Mama, mwache aende. Utawaletea chira, na hiyo laana haina dawa."

Nilimlaza mtoto, nikamsukuma baba yake ndani, nikachukua blanketi na kigoda, nikaketi nje mlangoni, maji yakinipiga miguu. Sasa hakuna mama anayelala humo.

"Mathe, rudi ndani. Baridi itakuua."

"Mwanangu halali nje."